Ganda la korosho na shule ya Moscow

Juma hili, ndugu msikilizaji, nataka kuzungumzia historia ya shule moja iliyoko Moscow, nchini Urusi. Najua aliyeko Masasi au Newala atashika kiuno na kuuliza: bwana, sisi na Moscow wapi na wapi? Namwomba avute subira. Shule yenyewe ni ya kemia, na sidhani kama yupo mkulima nchini anayeishi na kemia kwa ukaribu kuliko yeye. Kemia imo katika unga wa salfa anaoupulizia mikorosho yake maua yanapochomoza. Imo pia ndani ya ganda la korosho, katika yale mafuta yanayobabua vidole vya mama zetu wanapobangua.

Mambo ya Moscow yalianza mwaka 1898, ilipofunguliwa shule ya viwanda ambayo baraza la jiji lilikuwa limeazimia kuijenga. Haikuwa chuo kikuu. Ilikuwa shule ya sekondari ya ufundi, yenye mkondo wa umakenika na mkondo wa kemia, na kazi yake ilikuwa kuwatoa vijana watakaoshika kazi viwandani. Kwa hapa kwetu ungeilinganisha na Ifunda au Mtwara Ufundi. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 ikapewa jina la Dmitri Mendeleev, na mwaka 1920 ikapandishwa daraja kuwa taasisi ya elimu ya juu ya teknolojia ya kemia.

Hebu tuutazame mwaka huo. Nchi ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, chakula kilikuwa cha mgawo, na viwanda vingi vilikuwa vimesimama. Wakubwa wa wakati ule wangeweza kusema kwamba kwanza tufufue viwanda, mambo ya shule yatafuata. Wangesikilizwa. Lakini shule ya ufundi ikafanywa chuo wakati viwanda vyenyewe vimelala.

Mendeleev hakuianzisha. Yeye alikuwa profesa kule St. Petersburg na alifariki mwaka 1907. Wanafunzi wetu wa sekondari wanamfahamu kwa lile jedwali la elementi alilolitoa mwaka 1869, ambalo wengi wetu tulilikariri kwa jasho na kulisahau mara tu baada ya mtihani. Lakini mzee huyu hakuwa mtu wa ubaoni tu. Alikwenda Baku kwenye visima vya mafuta, na mwaka 1876 akasafiri hadi Marekani kuona wenzao wanavyoyachimba na kuyasafisha. Inasemwa kwamba alifananisha kuchoma petroli na kuwasha jiko kwa noti za benki. Naomba msikilizaji aliweke hilo kando, tutalihitaji.

Mwaka 1941, majeshi ya Hitler yalipoikaribia Moscow, chuo kilihamishiwa Kokand, katika Uzbekistan, maelfu ya kilomita kutoka nyumbani. Kikafundisha huko, na mwaka 1943 kikarejea. Mwaka 1961 alihitimu hapo kijana aitwaye Valery Legasov. Robo karne baadaye, kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka Aprili 1986, huyu ndiye mwanakemia aliyekuwamo katika tume ya serikali iliyokwenda kwenye eneo la ajali, na ndiye aliyetoa maelezo kwa wataalamu wa dunia waliokutana Vienna mwezi Agosti mwaka huo. Umoja wa Kisovieti ulivunjika mwaka 1991. Mwaka uliofuata, taasisi ikafanywa chuo kikuu. Dola iliyoilea haipo, shule ipo.

Sasa turudi kwetu.

Mkorosho si mti wetu wa asili. Uliletwa na Wareno kutoka Brazil, ukaipenda ardhi ya kichanga ya pwani na ya uwanda wa juu wa Makonde, nasi tukaupenda. Kufikia msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000. Serikali ikaona, na iliona sawasawa, kwamba ni aibu kupeleka korosho zenye maganda India ili zikabanguliwe huko. Ikakopa, Benki ya Dunia ikiwa miongoni mwa wakopeshaji, na ikajenga viwanda. Vilifika 12, vyenye uwezo wa kubangua tani 113,000 kwa mwaka. Masasi ilipata kimoja. Newala ilipata viwili, Newala I na Newala II. Mitambo mingine ilitoka Italia na mingine Japani.

Kilichofuata kinajulikana, nami sitakirefusha. Operesheni Vijiji iliwatenga watu na mashamba yao, mikorosho ikamezwa na vichaka. Bei ikawa ndogo na malipo yakachelewa. Ugonjwa wa ubwiriunga, ambao wataalamu waliuandika rasmi nchini mwaka 1979, ukayakausha maua. Msimu wa 1986/87 nchi nzima ilipata kiasi cha tani 16,500. Fanya hesabu mwenyewe: viwanda vilihitaji karibu mara saba ya korosho zote zilizokuwapo. Vikafungwa kimoja baada ya kingine, vikaja kubinafsishwa, na baadhi vikageuzwa maghala ya kuhifadhia korosho zile zile zenye maganda. Mamia ya wanawake waliokuwa na kazi ya mshahara katika miji midogo kama Newala wakarudi kwenye jembe.

Wapo watakaosema kwamba hakuna chuo ambacho kingeviokoa viwanda vile, maana kiwanda bila malighafi ni mabati tu. Nakubali, tena bila kinyongo. Lakini swali langu ni jingine. Vilipokufa, viliacha nini? Masasi na Newala zilibaki na kuta. Mitambo ilikuwa imebuniwa kwingine, vipuri vilitoka kwingine, na elimu ya kile kilichokuwa kikipita ndani ya mitambo ilikuwa kwingine pia. Hatukujenga hata darasa moja la kemia ya korosho karibu na viwanda hivyo.

Na ganda la korosho lina elimu nyingi ndani yake. Lipasue ulitazame: kati ya ngozi ya nje na ngozi ya ndani kuna vijumba kama vya sega la nyuki, vimejaa mafuta. Takriban robo hadi theluthi ya uzito wa ganda ni mafuta hayo. Sehemu yake kubwa ni asidi ya anakadiki, ndiyo inayochubua ngozi. Ukiipasha moto sana, inatoa hewa ya kaboni na kugeuka kuwa kitu kingine, kadanoli, na hiyo ndiyo inayotafutwa na viwanda vya dunia. Kwayo hutengenezwa rangi, vanishi, gundi ngumu zinazostahimili joto, na unga unaotiwa katika pedi za breki za magari. Mitambo ya Kiitaliano ilizikaanga korosho ndani ya mafuta haya haya ya ganda. Elimu ilikuwa ikichemka mbele ya macho ya wafanyakazi, na hakuna aliyepewa nafasi ya kuisoma.

Kijijini tunafanyaje? Tunatoboa debe kuukuu, tunamwaga korosho humo, tunawasha moto chini. Mafuta yanashika moto, moshi mweusi unapanda, na bibi anageuza kwa kijiti kirefu huku amegeuza uso. Korosho inatoka tamu ajabu. Lakini mumkumbuke yule mzee wa Kirusi na noti zake.

Nisije nikaonekana nalaumu tu, hebu tuangalie upande ambako shule ilikuwapo. Nje kidogo ya mji wa Mtwara kipo kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele. Ubwiriunga ulipowashinda wakulima, ni watafiti wa huko, katika miaka ya 1980 na kuendelea, waliopima dawa mbalimbali mashambani na kuonyesha kwamba unga wa salfa ukipulizwa kwa wakati wake huokoa maua. Wakatafuta pia miche iliyo bora zaidi. Polepole mavuno yakapanda. Msimu wa 1999/2000 yalipita tani 120,000, na msimu wa 2017/18 yakapita tani 300,000. Sisemi ni kazi ya Naliendele peke yake, maana bei nayo ilichangamka. Lakini bila maabara ile, wakulima wa Newala wangeendelea kuhesabu maua yaliyokauka.

Tena maabara hukuambia na usiyopenda kuyasikia. Utafiti uliofanywa kusini katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba salfa inayodondoka chini ya mikorosho hugeuzwa na bakteria wa udongoni kuwa asidi, na kwamba udongo wetu wa kichanga hauna nguvu kubwa ya kuihimili. Maana yake ni kwamba dawa inayoponya ua huweza kuuchosha udongo unaolisha mizizi, pamoja na karanga na kunde zinazopandwa kati ya miti. Hapo anatakiwa mtu wa kupima udongo, shamba kwa shamba, na kusema chokaa iwekwe wapi na kiasi gani. Mtu huyo hatoki hewani. Anafundishwa mahali.

Si kwamba nchi haikujenga vyuo. Kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973, Ujerumani Magharibi ikisaidia, na uhandisi wa kemia ukaja kufundishwa humo. Warusi nao walishirikiana nasi kuanzisha Chuo cha Ufundi Mbeya mwaka 1986, kile ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Vijana wetu wengine walipelekwa hadi huko huko Urusi kusoma. Lakini kutoka Newala, Dar es Salaam ni mbali na Mbeya ni mbali zaidi, na kijana aliyekwenda kusoma kemia huko hakuwa na maabara ya kumrudisha nyumbani.

Mwezi Juni 2018 Bunge lilikuwa moto kwa sababu ya korosho. Kulikuwa na utaratibu kwamba asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje irudi kuendeleza zao hilo, nayo serikali ilitaka fedha zote ziingie Mfuko Mkuu. Wabunge wa kusini walipinga kwa sauti kubwa, wakashindwa. Novemba mwaka huo huo serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakapanda hadi Newala, na ndipo kila mtu akaanza kuuliza zitabanguliwa wapi, maana uwezo wa kubangua nchini ulikuwa sehemu ndogo tu ya mavuno. Nilifuatilia mabishano hayo tangu Juni hadi malori yalipoondoka. Nilisikia habari za salfa, za magunia, za bei na za barabara. Habari za chuo sikuzisikia.