Kizazi Kilichokosekana Mimbarani

Ukitaka kumuudhi mzee wa kanisa la Kibaptisti mjini Gitega, mpe kijana kipaza sauti na usimwambie ibada inaisha saa ngapi. Ukitaka kumchosha kijana, mpe mzee huyo mimbari, Biblia ya Kirundi na sura nzima ya Mambo ya Walawi. Ubishi huu upo Magarama, mtaa wa Gitega, mji ambao tangu Januari 2019 ndio mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, na upo Muyinga, kaskazini-mashariki, karibu na mpaka wa Tanzania. Unahusu kinanda, urefu wa maombi, suti na jinzi, nani aitwe mchungaji na nani aitwe pasta.

Watu huumaliza kwa wepesi: wazee ni wazee, vijana ni vijana. Maelezo hayo hayanitoshi. Nyumbani, babu na mjukuu wakishindwa kuelewana, yupo baba katikati, anayewajua wote wawili na lugha zao zote mbili. Katika makanisa ya Burundi huyo wa katikati mara nyingi hayupo, na kutokuwapo kwake kuna miaka yake.

Waprotestanti walichelewa kufika nchi hii. Mapadri Weupe wa Kikatoliki walikuwa Muyaga tangu 1898 na Mugera, si mbali na Gitega, tangu 1899. Wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Neukirchen, Ujerumani, walikuja 1911. Miaka mitano baadaye Wabelgiji waliwafukuza Wajerumani, na wamisionari nao wakaondoka wakiacha vituo vyao vitupu. Ndipo mwaka 1928 Wabaptisti wa Denmark wakafika Musema, upande wa Kayanza ya leo, wakaanza pale Wajerumani walipoachia.

Inafaa kujua watu hao walikuwa nani. Kwao Denmark, nchi ya Kilutheri, Wabaptisti ni kikundi kidogo. Kanisa lao la kwanza lilianzishwa Copenhagen mwaka 1839, na katika miaka ya 1840 serikali ilikuwa ikiwachukua watoto wao wachanga kwa nguvu na kuwabatiza. Nafuu ilikuja na katiba ya 1849. Walioleta ubatizo wa maji mengi Burundi walikuwa wajukuu wa watu walioteswa na dola kwa ajili ya ubatizo huo huo. Walikuja na msimamo kwamba kanisa ni la washirika wenyewe, na kwamba mtu habatizwi kabla hajaamini kwa akili yake.

Lakini Wadenmark walikuwa wachache, na Burundi ni nchi ya milima isiyo na vijiji vya kukusanyika. Kila familia inakaa katika boma lake, shamba la migomba limelizunguka. Kazi ya kupanda na kushuka milima hiyo iliwaangukia Warundi wenyewe, walimu wa kanisa, ambao wengi wao walikuwa na elimu ya miaka michache tu. Mwalimu alijenga nyumba ya miti na udongo, asubuhi ikawa darasa la kusoma, Jumapili ikawa kanisa. Aliyetaka ubatizo alipaswa kwanza kukaa darasani. Agano Jipya la Kirundi lilitoka mwaka 1951 na Biblia nzima mwaka 1967, kwa hiyo kwa miaka mingi mwalimu alifundisha kwa vipande vya Maandiko, akirudia mstari mpaka darasa zima liutamke bila kosa.

Huo ndio uliokuwa mtindo wa kizazi cha kwanza: mahubiri kama somo, polepole, kitabu mkononi, swali na jibu. Na nidhamu kali. Msomaji wa leo anaweza kuicheka nidhamu hiyo mpaka akumbuke ilivyowagharimu. Burundi, pombe ya ndizi na ya mtama si kinywaji tu. Ndiyo inayoposa, inayopatanisha, inayolipa msaada wa jirani, na watu hunywa kutoka chungu kimoja kwa mirija kuonyesha kwamba hakuna kinyongo kati yao. Mwalimu aliyekataa mrija alikuwa anajitenga na kilima kizima. Mpaka leo utaijua harusi ya Kiprotestanti kwa Fanta yake. Watu waliolipa gharama hiyo hawawezi kuwa na mzaha mimbarani, na sioni sababu ya kuwalaumu.

Kisha ukaja uamsho. Ulianza Gahini, Rwanda, kwenye misheni ya Kianglikana, katikati ya miaka ya 1930, pamoja na watu kama Blasio Kigozi, Simeoni Nsibambi, Yosiya Kinuka na daktari Mwingereza Joe Church. Kigozi alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana, na kifo chake kikauwasha moto huo zaidi. Mwaka 1935 Waanglikana walikuwa wamefungua vituo vya Matana na Buhiga ndani ya Burundi. Buhiga iko Karuzi, katikati ya Gitega na Muyinga, na uamsho haukuuliza mtu ni dhehebu gani. Marafiki (Quaker), Wamethodisti Huru na Wabaptisti, wote ukawagusa.

Walokole, kama walivyoitwa watu wa uamsho huo, walibadili namna ya kuongoza. Mbele ya kundi, mtu alisimama akataja dhambi yake kwa jina: niliiba, nilimchukia fulani, nilisema uongo. Mwanamke asiyejua kusoma aliweza kumkemea mwalimu. Mzungu naye alitakiwa kuungama, na wapo wamisionari waliolitazama jambo hilo kwa mashaka makubwa. Cheti hakikutosha tena, mtu aliulizwa ushuhuda wake. Wazee wanaolalamika leo kwamba vijana wanaleta kelele na machozi wangekumbuka kwamba wao, au baba zao, walishtakiwa kosa hilo hilo. Kwa kweli machozi ya uamsho yamezeeka, yakaitwa utaratibu.

Uhuru ulipofika tarehe 1 Julai 1962, kizazi cha tatu kilikuwa kinaandaliwa. Hawa walikuwa wamesoma kuliko walimu wa kwanza. Wengine walikuwa walimu wa shule wenye Kifaransa, wengine wauguzi, wengine wanafunzi wa vyuo vya Biblia kama kile cha Mweya, karibu na Gitega, kilichoendeshwa na misheni kadhaa kwa pamoja. Hao ndio wangegombana na wamisionari kuhusu fedha, wakagombana na wazee kuhusu ngoma, wakashinda hapa na kushindwa pale, kisha wakazeeka na kuwapisha wengine.

Huko Kivu, upande wa Kongo, jambo hilo lilitokea kweli. Mapema miaka ya 1960 Wabaptisti wa Kivu waligombana vikali na misheni yao ya Kimarekani. Viongozi Waafrika walitaka shule zao zipate ruzuku ya serikali, wamisionari wengi wakikataa kwa hoja kwamba kanisa na dola visichanganywe. Kanisa likapasuka, na mmoja wa warithi wa mpasuko huo ni Jumuiya ya Kibaptisti katika Afrika ya Kati, yenye makao Goma. Ulikuwa ugomvi mchungu, lakini ulikuwa wa wana na baba zao wa kiroho, na wana wakaishi wakawa viongozi.

Burundi wana hawakuishi. Kuanzia mwisho wa Aprili 1972, baada ya uasi uliozuka kusini na kuua watu wengi, wakiwemo Watutsi wengi, utawala wa Michel Micombero ulianza kuwasaka Wahutu waliosoma: walimu, wauguzi, makarani, wanafunzi wa sekondari, makatekista, wachungaji. Makadirio ya waliouawa ni kati ya laki moja na laki tatu. Kwa Waprotestanti pigo lilikuwa la namna yake. Walimu wao wa shule ndio waliokuwa wahubiri wao, kwa hiyo orodha moja ilimaliza darasa na mimbari kwa pamoja.

Februari 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitangaza kwamba imefukua makaburi sita ya halaiki mkoani Karuzi, kando ya mto Ruvubu, na kukuta mabaki ya watu 6,032. Baadhi yao walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari. Tume hiyo imelaumiwa kwa kuegemea zaidi msiba wa 1972 na kuzungumza kidogo kuhusu misiba mingine, na lawama hiyo ina uzito. Hata hivyo mifupa ya Ruvubu haibishani na mtu. Asafiriye leo kutoka Gitega kwenda Muyinga kwa njia ya Karuzi anapita jirani na mahali walipolala watu ambao baadhi yao wangekuwa wazee wa kanisa sasa.

Waliosalia walikimbilia Tanzania, wakapewa makazi Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Waliobaki nyumbani walijifunza kunyamaza. Halafu chini ya Jean-Baptiste Bagaza, katikati ya miaka ya 1980, dola liliyabana makanisa: ibada za siku za kazi zikazuiwa, mikutano ikapigwa marufuku, wamisionari wakafukuzwa. Buyoya alipompindua Septemba 1987 alilegeza masharti hayo. Miaka ile iliwafunza wachungaji mtindo mmoja, nao ni tahadhari. Mahubiri mafupi, bila jina la mtu, bila jambo la siku. Vijana wanaowaona wazee hao kuwa baridi hawajui baridi hiyo ilitoka wapi.

Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye akauawa, na nchi ikawaka. Kibimba, mwendo mfupi kutoka Gitega, wanafunzi Watutsi zaidi ya 70 wa shule iliyoanzishwa na misheni ya Marafiki walichomwa moto. Safari hii waliouawa na waliokimbia walikuwa wa pande zote, na vita viliendelea kwa zaidi ya miaka kumi, licha ya mkataba wa Arusha wa Agosti 2000. Kiti cha katikati, ambacho 1972 ilikuwa imekiacha wazi, hakikupata wa kukikalia.

Basi mtindo wa vijana wa leo ulipikwa wapi? Kwa sehemu kubwa, kambini huko Tanzania. Mtabila, Lukole, Kanembwa, Nyarugusu: huko Mbaptisti, Mpentekoste na Mwanglikana walipanga foleni moja ya mahindi na kukesha hema moja. Kiswahili kikawa lugha ya kwaya. Gitaa likatengenezwa kwa bati. Hakukuwa na mwalimu wa kutoa darasa la ubatizo la mwaka mzima, wala saa ya kumaliza ibada, kwa sababu hakukuwa na kazi ya kuwahi. Mtu alihubiri kwa kuwa ana sauti na amefunga siku tatu. Wapentekoste, walioingia Burundi na wamisionari wa Uswidi mwaka 1935, walikuwa wazoefu zaidi wa maisha hayo, na wengine wakaiga. Wakimbizi waliporudi, wengi wao baada ya 2002, walirudi na ibada hiyo.

Muyinga iliipokea mapema. Ni eneo la mpakani (lilikuwa mkoa mpaka mabadiliko ya 2025 yalipoliingiza ndani ya mkoa mpya wa Buhumuza), lenye Waislamu wengi na Kiswahili cha sokoni, na njia ya Kobero inalipeleka moja kwa moja Ngara, Tanzania. Gasorwe, ndani ya Muyinga, kuna kambi ya wakimbizi wa Kongo, nao wana kwaya zao na vinanda vyao. Gitega, mji wa ofisi na wa ufalme wa zamani, ulichelewa kidogo, na pengine ndiyo maana ubishi wake una ukali zaidi.

Ongeza hapo hesabu rahisi: Warundi wengi waliopo leo wamezaliwa baada ya 1993. Mzee akisimama kutetea utaratibu, anawatetea wafu wake mbele ya watu ambao hawakuwajua. Kijana naye anahubiri mbele ya simu, video inafika Bujumbura na kwa Warundi walioko Marekani kabla wazee hawajakaa kikao kumjadili. Naona vijana wanakosea wanapodhani kila kilicho polepole hakina Roho. Cheo cha nabii kinachopatikana kwa wiki moja ni hatari zaidi kuliko mahubiri ya kuchosha. Lakini wazee nao wanakosea wanapodai heshima ya utaratibu ambao hawajawahi kueleza ulikotoka.

Dola limeingia tena katikati, kwa mlango wa karatasi. Sheria ya Desemba 2014 inataka kanisa la Kirundi liwe na washirika wasiopungua 300 ndipo lisajiliwe, na kila dhehebu liwe na mwakilishi wa kisheria. Kwa Wabaptisti, ambao asili yao ni kila usharika kujiamulia, ofisi hiyo moja imekuwa na nguvu ambayo Wadenmark wa 1928 wasingeitambua. Rwanda ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2018 ilifunga makanisa zaidi ya 700 mjini Kigali na kuwapa viongozi wa makanisa miaka mitano wawe na shahada ya teolojia. Kwa sharti hilo mwalimu wa kwanza wa Musema, mwenye miaka michache ya darasa, asingeruhusiwa kuongoza.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1972 sasa amepita 70. Wachache wao bado wapo Gitega na Muyinga, na wanakumbuka majina: nani alikuwa mwalimu wa kilima gani, nani alichukuliwa darasani, nani alikuwa anaandaliwa kupokea usharika. Wenye makanisa, msisubiri tume ya serikali iwafanyie kazi hiyo. Wapeni vijana wenu wa kwaya, wenye simu zinazorekodi kila Jumapili, kazi ya kukaa na wazee hao na kuyarekodi majina hayo, kilima kwa kilima, na muanze mwaka huu.