Ustadi Ndio Kipimo: Kinshasa 1974 na Mjadala wa Ukuu wa Bondia wa Uzito wa Juu

Mabishano kuhusu bondia gani wa uzito wa juu anastahili kuitwa mkuu huwagawa watu katika pande mbili. Wapo wanaompenda bondia anayesonga mbele, anayerusha makonde mazito na kumaliza pambano mapema. Wapo pia wanaomheshimu bondia anayejua kukwepa, kupima umbali na kumchosha mpinzani raundi baada ya raundi. Kwetu Kongo mabishano haya yana uzito wa pekee. Pambano linalotajwa mno katika historia ya uzito huo lilipiganwa Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974 kati ya Muhammad Ali na George Foreman, na leo Mkongomani, Martin Bakole wa Kananga, yumo miongoni mwa mabondia ambao mashabiki wa dunia nzima hubishana juu yao. Makala hii inadai kwamba ukuu wa bondia hupimwa kwa ustadi, na kwamba msisimko ni ushahidi wa ukuu pale tu unapozaliwa na ustadi huo. Dai hili linawahusu wanahistoria wa michezo, lakini linawagusa zaidi vijana wanaofunga glavu katika mitaa ya Goma, kuanzia Keshero hadi Majengo, kwa sababu kipimo tunachokitukuza ndicho wanachokifanyia mazoezi.

Kwanza tukubaliane juu ya maana. Ustadi ni uwezo wa bondia kuamua pambano lipiganwe sehemu gani ya ulingo na kwa mwendo upi, kufikisha makonde yake huku akiyanyima ya mwenzake shabaha, na kubadili mbinu pale ya kwanza inapokwama. Nguvu haiko nje ya maana hiyo. Konde linaloangusha mtu wa kilo mia moja huanzia kwenye unyayo, hupita kiunoni na begani, na hufika wakati mpinzani hajajiandaa. Anayelipiga amejifunza kusimama, kupumua na kusubiri. Msisimko ni jambo la aina nyingine. Ni hali inayomwingia mtazamaji, nayo hutegemea matarajio yake, upande anaoushabikia, na hata rangi na taifa la wanaopigana. Ustadi uko kwa bondia, msisimko uko kwa anayemtazama. Tukimpima bondia kwa msisimko tunaandika historia ya watazamaji na kuiita historia ya mabondia.

Kinshasa inatoa ushahidi ulio wazi kuliko mwingine wowote. George Foreman, aliyekuwa na miaka 25, alikuwa ameshinda mapambano yote 40, na 37 kati ya hayo yalimalizika kwa KO. Alimwangusha Joe Frazier mara sita huko Kingston, Januari 1973. Ken Norton hakuvuka raundi ya pili huko Caracas, Machi 1974. Mabondia hao wawili ndio pekee waliokuwa wamemshinda Muhammad Ali. Kwa kipimo cha msisimko, hapakuwa na hoja ya kujadili, na waandishi wengi wa michezo walihofia kwamba Ali, mwenye miaka 32, angeumia vibaya. Katika raundi ya kwanza Ali alifanya jambo ambalo mabondia wa kulipwa hulikwepa: alianza mashambulizi kwa mkono wa kulia bila kutanguliza wa kushoto, ingawa konde hilo husafiri mbali na humwacha mpigaji wazi. Foreman hakulitarajia, nalo lilimfikia mara kadhaa. Lakini Foreman naye alikuwa fundi wa kuziba njia ulingoni, na kila hatua yake moja ilimlazimisha Ali kuchukua mbili. Ali alitambua mapema kwamba akiendelea kuzunguka, miguu yake ingemtupa kabla ya mwisho. Kuanzia raundi ya pili akaegemea kamba, akafunika uso na mbavu kwa mikono, akawa anarudisha kichwa nyuma juu ya kamba, akimvuta Foreman shingoni walipokumbatiana, kisha akijibu kwa makonde mafupi yaliyonyooka.

Kwa jicho linalotafuta msisimko, hayo yalikuwa maangamizi ya mtu aliyekata tamaa. Kona ya Ali yenyewe, ikiongozwa na Angelo Dundee, ilimpigia kelele atoke kwenye kamba. Umati ulioimba kwa Kilingala ukimtaka amuue mpinzani wake ulikuwa unamwona akipigwa. Hata hivyo, pambano liliposimama katika raundi ya nane, baada ya mfululizo wa makonde uliomalizwa na mkono wa kulia na kumpeleka Foreman sakafuni, kadi za waamuzi wote watatu zilimwonyesha Ali akiongoza. Waamuzi walikuwa wamehesabu makonde yaliyofika mahali pake, na mengi ya Foreman yaliishia kwenye viwiko na mikono. Ushindi ulikuwa ukijengwa raundi ile ile ambayo watazamaji waliiona ya kushindwa. Ndiyo maana haitoshi kusema kwamba Kinshasa inakumbukwa kwa sababu ilisisimua. Ilisisimua sana mwishoni, lakini kilichouzaa mwisho huo ni raundi sita za hesabu ambazo wengi waliokuwamo uwanjani hawakuzielewa. Kumbukumbu yetu imehifadhi konde la mwisho na kuisahau kazi iliyolitangulia.

Kipimo cha msisimko kina kasoro nyingine, nayo ni wepesi wake wa kubeba chuki za wakati. Mwaka 1892, huko New Orleans, James Corbett alimshinda John L. Sullivan kwa kukwepa na kumchosha mpaka raundi ya 21, akasifiwa kwa akili zake. Mwaka 1908, huko Sydney, Jack Johnson alimshinda Tommy Burns akawa mtu mweusi wa kwanza kushika ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Johnson naye alikuwa bingwa wa kujilinda, wa kuyanasa makonde hewani na kupiga kwa kujibu. Kwa mtindo unaofanana na ule wa Corbett, magazeti mengi ya Wazungu yalimwita mvivu na mwoga. Miguu ilikuwa ileile, mikono ileile, hesabu ileile. Kilichobadilika ni ngozi ya mpiganaji na moyo wa mtazamaji. Kipimo kinachoweza kumwita mmoja mwenye akili na mwingine mwoga kwa kazi ileile hakifai kuandikia historia. Sisi Waafrika, ambao mabondia wetu wamezoea kusifiwa nje kwa nguvu za mwili na kunyimwa sifa ya kufikiri, tuna sababu ya ziada ya kukikataa.

Mfano wa Bakole unaonyesha kasoro hiyo kwa njia nyingine. Tarehe 3 Agosti 2024, huko Los Angeles, alimwangusha Jared Anderson, Mmarekani ambaye hakuwa ameshindwa, na kumaliza kazi katika raundi ya tano. Sifa zikamiminika, wengine wakamweka karibu na kilele cha uzito huo. Tarehe 22 Februari 2025, huko Riyadh, aliitikia mwito wa dharura wa kuziba nafasi ya Daniel Dubois, akapanda ulingoni akiwa na zaidi ya kilo 140, na Joseph Parker akamsimamisha katika raundi ya pili. Katika miezi isiyofika saba, mtu yuleyule aliitwa tishio la dunia kisha akaitwa hewa tupu. Atakayeuliza kuhusu ustadi hatayumba kiasi hicho. Ataanzia Paris, Mei 2022, ambako Bakole alimwangusha mara mbili Tony Yoka, bingwa wa Olimpiki wa Rio 2016, akamshinda kwa pointi mbele ya mashabiki wa Yoka. Siku hiyo hapakuwa na KO, lakini palikuwa na bondia aliyeichukua nafasi ya katikati, aliyetumia mkono wa kushoto kufungua njia, na aliyelinda pumzi yake mpaka kengele ya mwisho. Ataona kwamba huko Riyadh kilichokosekana ni maandalizi, na kwamba maandalizi ni nusu ya ustadi. Hukumu yake itakuwa na sifa na lawama kwa pamoja, na haitageuka kila wiki.

Wapinzani wa hoja hii wana jibu lenye nguvu: KO huondoa shaka. Waamuzi hukosea, hupendelea, na kadi hubishaniwa kwa miaka. Mtu aliyelala sakafuni habishaniwi. Ni kweli kwamba KO huamua nani ameshinda usiku ule. Lakini swali la ukuu ni pana kuliko usiku mmoja. Deontay Wilder alifika Februari 2020 akiwa hajashindwa katika mapambano 43, na ushindi wake 41 ulikuwa wa KO. Tyson Fury, aliyekuwa ametoka naye sare Desemba 2018, alimsukuma nyuma mwanzo hadi mwisho na kumsimamisha katika raundi ya saba. Mkono wa kulia wa Wilder haukuwa umepungua nguvu. Ulikosa tu nafasi ya kutokea. Hesabu ya KO inatuambia wangapi waliangushwa, haituambii walikuwa akina nani wala walimuuliza bondia swali gani gumu. Konde zito lisilo na njia ya kufika ni mali isiyotumika.

Jibu la pili ni kwamba ndondi ni burudani ya kulipiwa, na bondia asiyevuta watu hana ukumbi wala kipato. Hili nalo ni kweli, na Afrika Mashariki inalijua vizuri. Karim Mandonga wa Tanzania, ambaye si wa uzito wa juu, alijaza kumbi kwa tambo zake na kwa majina aliyoyapa makonde yake. Januari 2023 alimshinda Daniel Wanyonyi jijini Nairobi, na Julai mwaka huohuo akashindwa na Wanyonyi huyohuyo. Mashabiki walimpenda, na wana haki, kwa kuwa aliwarudishia wengi hamu ya ndondi. Hata hivyo ni wachache kati yao ambao wangemweka juu ya Hassan Mwakinyo, aliyekwenda Birmingham mwaka 2018 na kumsimamisha Sam Eggington katika raundi ya pili. Umma wenyewe tayari hutunza daftari mbili: moja ya mapenzi, moja ya heshima. Ninachoomba ni wasomi na waandishi wasizichanganye.

Wengine watasema kwamba ustadi ukiachiwa utawale utazaa mapambano makavu, kama lile la Moscow mwaka 2013, ambapo Wladimir Klitschko alimkumbatia Alexander Povetkin mara nyingi mno. Lakini kukumbatia kupita kiasi ni kuitumia vibaya kanuni ambayo refa hakuisimamia vya kutosha. Dawa yake ni refa kukata pointi mapema. Tena ustadi wa juu haukosi moto. Oleksandr Usyk, mwepesi kuliko Fury kwa zaidi ya kilo 15 walipokutana Riyadh Mei 2024, alimtikisa mpaka refa akamhesabia katika raundi ya tisa, baada ya kumsoma kwa raundi kadhaa. Wala ustadi si elimu ya siri. Mtazamaji yeyote anaweza kuuliza: nani anachagua mahali pa kupigania? Makonde ya nani yanafika yalikolengwa? Nani amebadilika baada ya mbinu yake kushindwa? Na wapinzani wake walikuwa na uwezo gani? Maswali haya hayahitaji shahada, yanahitaji subira.

Lipo jambo zito kuliko ubishi wa orodha. Baada ya Kinshasa, Ali aliendelea kuegemea kamba hata pale ambapo hakuwa na hila ya kufanya hivyo, kwa sababu miguu ilikuwa imechoka. Huko Manila mwaka 1975 alipigana raundi 14 za mateso na Frazier. Mwaka 1980 Larry Holmes alimpiga raundi kumi mpaka kona ya Ali ikasimamisha pambano. Mwaka 1984 ilitangazwa kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. Hata tukiacha kubishana kuhusu chanzo cha ugonjwa huo, makonde ya miaka ile hayakupaswa kushangiliwa. Mtazamaji anayeita uvumilivu wa kipigo kuwa ukuu anamwomba bondia alipe kwa kichwa chake. Katika Goma, ambako klabu za ndondi zimewapokea vijana waliopitia vita na hata wale waliobeba bunduki wakiwa watoto, ombi hilo halikubaliki. Vijana hao hawahitaji mwalimu wa kuwafundisha kustahimili kupigwa. Maisha yamekwisha kuwafundisha. Wanahitaji kujifunza umbali, subira, na uwezo wa kuzuia mkono mpaka wakati wake. Kumtukuza bondia stadi ni kuwaambia kwamba akili yao ina thamani ulingoni na nje yake, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kuandika historia ya uzito wa juu upya, tukianza na zile raundi sita za Kinshasa.