Gertie, Dinosari Mwenye Haya
Chicago, 1914. Mchoraji Winsor McCay alisimama kando ya pazia la sinema, mjeledi mkononi, akamwita Gertie. Dinosari huyo wa katuni akachungulia kutoka pangoni, akaja, akainama kusalimu watu. Alipokaripiwa, akalia kama mtoto. Alipopata kiu, akakausha ziwa zima. Utamu wa katuni hii uko hapo: mnyama wa wino ana tabia yake.

Katuni yenyewe ni maelfu ya michoro kwenye karatasi nyembamba. Hata miamba isiyosogea ilichorwa upya kwenye kila karatasi, kazi ya msaidizi kijana, John Fitzsimmons. Itazame kwa makini: mistari yake inatetemeka, na mtetemo huo ni mkono wa binadamu.

Mwishoni mwa onyesho McCay alitokomea nyuma ya pazia, akaibuka ndani ya filamu akiwa mchoro. Gertie akambeba, wakaondoka.