Kongosho linajuaje? Chimbuko la neno homoni

Ukisikia mtu anasema "ni homoni tu hizo", mara nyingi anazungumzia balehe, mimba au hasira. Kumbe neno lenyewe lilitokana na swali la chakula.

Chakula kikitoka tumboni kinaingia kwenye utumbo mwembamba kikiwa na asidi kali. Hapohapo kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo, linamimina majimaji ya kupoza asidi hiyo na kusaga chakula. Sasa, kongosho linajuaje kwamba chakula kimefika?

Mwishoni mwa karne ya 19 wengi wangekujibu: kwa neva. Ivan Pavlov, yule Mrusi wa mbwa wadondosha mate, alitumia miaka mingi kuonyesha jinsi neva zinavyoongoza usagaji wa chakula. Mwaka 1904 kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel.

Lakini Januari 1902, huko London, William Bayliss na shemeji yake Ernest Starling walikuwa wameshalijaribu wazo hilo. Walimlaza mbwa kwa dawa ya usingizi, wakakata neva za kipande cha utumbo wake, wakaacha mishipa ya damu tu. Kisha wakatia asidi kwenye kipande kile. Kama kazi yote ni ya neva, kongosho lingebaki kimya. Halikubaki kimya, lilitoa majimaji vilevile.

Habari ilipita wapi, na neva zimekatwa? Starling akakwangua utando wa ndani wa utumbo, akausaga kwa mchanga na asidi, akachuja, na maji yale yakadungwa kwenye mshipa wa damu. Baada ya muda mfupi kongosho likaanza kazi. Basi habari ilisafiri kwa damu! Kemikali hiyo wakaiita sekritini. Mwaka 1905 Starling akatumia jina la jumla kwa wajumbe wote wa aina hii: homoni, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kuamsha au kuchochea.

Inasimuliwa kwamba Pavlov aliagiza jaribio lirudiwe kwenye maabara yake. Matokeo yakawa yaleyale, naye akakubali. Wala hakuwa amekosea kabisa, maana neva nazo huliamuru kongosho. Kosa lilikuwa kudhani kwamba hakuna njia nyingine.

Na hili si suala la majina tu. Kama ujumbe unapita kwenye damu, basi mwili ukikosa ujumbe huo unaweza kuuongeza kwa sindano. Januari 1922, mjini Toronto, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa anakufa kwa kisukari, alidungwa insulini iliyotolewa kwenye kongosho la ng'ombe. Sindano ya kwanza haikumsaidia sana. Dawa ikasafishwa zaidi, akadungwa tena, sukari ikashuka. Aliishi miaka 13 zaidi.