Fungua Seva: Historia Fupi ya Kura Zetu

Mwaka wa 1960 mhandisi Rudolf Kálmán aliuliza: ukitazama tu kinachotoka nje ya mfumo, unaweza kujua kinachoendelea ndani? Mainjinia wa programu wanaishi na swali hilo hadi leo. Ili kulijibu wanataka vitu vitatu: nambari za jumla, logi, na njia ambayo kila ombi limepita. Sisi wa Kianda tulijifunza haya kwa kupiga kura, na karo ilikuwa ghali.

Kumbuka 2007. Mshindi akatangazwa, Kibera ikawaka. Soko la Toi likateketea, reli ikang'olewa. Tume ya Jaji Johann Kriegler ilipochunguza 2008, ilisema hesabu zilivurugika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Soma hiyo tena polepole. Watu walikufa juu ya jibu ambalo mfumo wenyewe haukuwa nalo.

2013 tukaletewa teknolojia. Skrini ya Bomas ikaonyesha kura zaidi ya 300,000 zimekataliwa. Kumbe programu ilikuwa inazizidisha mara 8, IEBC ikakiri. Angalau nambari ilikuwa mbele ya macho yetu, ndiyo maana watu walishtuka wakauliza.

2017 ikawa zamu ya logi. Mahakama ya Juu iliagiza IEBC ifungue kumbukumbu za seva zake zisomwe tu, bila kuguswa. Agizo halikutimizwa ipasavyo. Majaji wengi wakaona anayeficha ana la kuficha, na Septemba 1 Jaji Mkuu Maraga akatangaza uchaguzi wa urais umefutwa.

2022 tukapewa njia. Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti ya tume. Ukiwa na bando tu, ungefungua fomu ya kituo chako, uilinganishe na ile iliyobandikwa mlangoni, kisha ujumlishe mwenyewe. Ugomvi haukuisha, manake makamishna 4 kati ya 7 waliyakataa matokeo. Lakini safari hii tulibishana karatasi zikiwa mkononi.

Kwa hivyo 2027 wakituambia wamenunua mashine mpya, tusiulize bei peke yake. Tuulize: ikikosea, sisi wa nje tutajuaje? Kama hakuna jibu, hiyo mashine ni sanduku jeusi tu, na tunajua nani huumia likifungwa.