Haki ya Kujaribu, Ukiisoma Kutoka Ng'ambo

Tarehe 23 Desemba 2021 Rais Joe Biden wa Marekani alitia saini sheria inayoitwa ACT for ALS. ALS ni ule ugonjwa unaoua polepole neva zinazoendesha misuli: mkono unalegea, mguu unagoma, kumeza kunakuwa kazi, mwisho pumzi. Dawa ya kuuponya hakuna. Sheria hiyo inaidhinisha dola milioni 100 kwa mwaka, kwa miaka mitano, ili wagonjwa ambao hawakupata nafasi ndani ya jaribio la dawa waweze kupewa dawa hiyo hiyo huku utafiti ukiendelea. Miaka mitatu na ushee kabla yake, Mei 2018, Donald Trump alikuwa ameshatia saini sheria nyingine, ile ya Haki ya Kujaribu, inayomruhusu mgonjwa aliyeishiwa na tiba kumwomba mtengenezaji dawa ambayo bado haijaidhinishwa, bila kupitia kwanza kwa mamlaka ya dawa.

Habari hizi nililetewa na kijana wa jirani yangu kwenye simu. Baba yake ni mwalimu mstaafu, na anao ugonjwa huo. Kijana aliandika: "Shikamoo mjomba. Hebu nisomee hii sheria. Inatuhusu na sisi?"

Nilimjibu kwa kifupi kwamba hapana, sheria ya Marekani inaishia Marekani. Sisi tunakaa Ng'ambo, kata ya Manispaa ya Tabora, na sheria anayoiuliza ni ya ng'ambo ile nyingine. Lakini swali lake halikuniondoka, kwa sababu huku kwetu dawa za majaribio za ugonjwa wa ubongo si jambo geni hata kidogo. Zimepita kwenye njia hii ya Tabora, Urambo na Ujiji kwa zaidi ya miaka mia, na karibu zote ziliingia kwa mlango tofauti kabisa na ule anaoulilia Mmarekani.

Ugonjwa wetu ni malale. Jina limetoka kwenye kulala, na limepatia nusu tu. Mbung'o akikuuma anakuachia kijidudu kwenye damu. Kwanza homa na kichwa, baadaye kijidudu kinaingia kwenye ubongo. Hapo mtu analala mchana na kukesha usiku, anabadilika tabia, anaropoka, anagombana na watu wake, na ndugu wanaanza kuulizana ni nani kamchezea. Malale ya Afrika Magharibi na Kongo huchukua miaka. Hii ya mashariki, ya kwetu, huua kwa miezi.

Ukitoka mjini Tabora kidogo tu unafika Kwihara, kwenye tembe alilokaa David Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi baada ya Stanley kuondoka. Wageni hupelekwa pale waone milango ya nakshi. Wachache huambiwa kwamba mwaka 1858 mzee huyu alichapisha barua kwenye jarida la madaktari la Uingereza akieleza jinsi alivyompa aseniki farasi jike aliyeumwa na mbung'o kusini mwa Afrika. Farasi alipata nafuu, kisha akafa. Aseniki ni sumu, watu wameitumia kuulia panya na kuuliana wenyewe. Kumbuka hilo, maana miaka 150 baadaye, Kaliua, mgonjwa wa malale alikuwa bado anachomwa sindano ya kitu kilichotengenezwa kwa aseniki.

Baada ya farasi walifuata watu. Mwaka 1906 Robert Koch, akiwa tayari na Tuzo ya Nobel, aliweka kambi kwenye visiwa vya Sese, Uganda, ambako malale ilikuwa inafyeka watu. Dawa yake iliitwa atoxyl. Jina maana yake ni "isiyo na sumu", ilikuwa aseniki. Vijidudu vilipotea kwenye damu, vikarudi. Koch akaongeza dozi. Wagonjwa 22 wakapofuka, na macho yao hayakurudi. Yeye alirudi Ujerumani akiwa na ushauri kwamba wagonjwa wakusanywe kwenye kambi, na Wajerumani wakajenga kambi hizo katika koloni lao pia, zikiwemo za kando ya Ziwa Tanganyika, kule mwisho wa njia yetu ya misafara.

Hapo ndipo ninapokwama na lile neno "haki". Mtu wa Sese mwaka 1906 hakukosa nafasi ya kujaribu dawa.

Kulikuwa pia na dawa iliyogeuzwa kuwa siasa. Kampuni ya Bayer ilipata dawa mwaka 1916, ikaiita namba tu, 205. Ilifanya kazi kweli ugonjwa ukiwa bado haujafika kichwani. Wajerumani walikuwa wamenyang'anywa Tanganyika, basi wakaificha fomula yake. Walimtuma Friedrich Karl Kleine, mtu aliyewahi kufanya kazi na Koch, aende Rhodesia Kaskazini na Kongo kuijaribu kwa wagonjwa wa makoloni ya wenzao, na huko kwao zikasikika sauti za kusema siri hiyo ibadilishwe na makoloni. Yaani dawa kwa ardhi, na watu wake juu. Mwaka 1924 Ernest Fourneau wa Taasisi ya Pasteur, Paris, akaifumbua fomula na kuichapisha, biashara ikaishia hapo. Dawa yenyewe ikabaki, kwa jina la suramini.

Sasa njoo kwetu. Miaka ya 1920 malale ya mashariki ilizuka katika Tanganyika ya Waingereza, Maswa kwanza, kisha magharibi. Ni kwa nini ilizuka wakati ule wanahistoria wameandika vitabu. John Ford mwaka 1971 na Helge Kjekshus mwaka 1977 wote walieleza kwamba sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe, vita na njaa vikapunguza watu, mashamba yakarudi kuwa pori, na mbung'o akarudi na pori lake. Mimi naona hoja hiyo ina nguvu, hasa ukiyajua mapori ya miombo ya Urambo na Kaliua. Pori likirudi huku halirudi nusu nusu.

Aliyepewa kazi ya kupambana na ugonjwa alikuwa Dk. George Maclean. Dawa alikuwa nazo, lakini hakuziamini peke yake. Akaamua kuhamisha watu. Familia zilizokuwa zimetawanyika porini zilikusanywa kwenye makazi ya pamoja, msitu ukafyekwa kuzunguka, nyumba za zamani zikaachwa. Amri zilipitia kwa watemi, chini ya Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yetu ya malale, ndugu msomaji: ilieleza mtu alale wapi na alime wapi. Kilichopotea wanaojua Unyamwezi watakitaja haraka: mizinga ya asali iliyoachwa porini, mitego, makaburi ya babu, mashamba yaliyokuwa bado na rutuba. Kuingia tena porini kutafuta asali ndiko kulikokuwa kunamleta mtu kwa mbung'o, kwa hiyo kile kilichomlisha kikawa kosa.

Je, makazi yale yaliokoa maisha? Naamini yaliokoa mengi. Mbung'o hapendi mahali palipofyekwa na penye watu wengi. Lakini sikubaliani na wale wanaoandika kana kwamba hesabu inaishia hapo. Watu walioamriwa mara moja kuhama kwa ajili ya afya yao walijifunza kitu kuhusu serikali na afya, na somo hilo liliwakuta watoto wao wakati wa vijiji miaka ya 1970.

Kuna sura nyingine ambayo hata hapa Tabora haitajwi sana. Ukienda Shinyanga kwa barabara, baada ya Nzega unapita Tinde. Palikuwa na maabara ya malale pale. Kuanzia 1934, na kwa miaka mingi baadaye, watafiti walikuwa wanakipitisha kijidudu kutoka mbung'o hadi kondoo, swala hadi mbung'o, kizazi baada ya kizazi, ili wajue kama kitapoteza uwezo wa kumwambukiza binadamu. Kulijua hilo kulihitaji binadamu. Wakatumika watu wa kujitolea, wakaumwa na mbung'o wenye ugonjwa. Jibu lilikuwa wazi: kijidudu kilibaki na nguvu ile ile. H. Fairbairn na E. Burtt walichapisha sehemu ya matokeo mwaka 1946, na ni sayansi nzuri, inatumika hadi leo. Mimi ninabaki na neno "kujitolea". Mwafrika wa mwaka 1938, aliyekuwa anadaiwa kodi ya kichwa, aliitwa na nani, akaambiwa nini, kwa lugha gani? Kwenye ripoti ni idadi. Majina yao hayapo.

Ndiyo maana sheria za dawa tulizonazo zimekaa kinyume na zile za Marekani. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya 2003, ambayo leo inasimamiwa na TMDA, inadai kibali kabla ya dawa kujaribiwa kwa mtu yeyote, na inadai mtu huyo akubali kwa hiari baada ya kuelezwa. Kabla yake, mwaka 1979, Bunge lilikuwa limeunda NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ambayo ina kituo hapa Tabora. Mmarekani anagonga mlango aingie kwenye jaribio. Sheria yetu imeandikwa kama ya mtu aliyewahi kuvutwa ndani na sasa anataka komeo. Yule kijana hatalipenda jibu hili, na sitamlaumu. Baba yake hana shida na komeo. Shida yake ni kwamba upande wa pili wa mlango hakuna mtu aliyeleta jaribio lolote.

Maana kuletewa ndiyo habari yenyewe. Mwaka 1949 Ernst Friedheim alitoa melarsoproli, dawa ya malale iliyofika kwenye ubongo. Aseniki tena. Inaunguza mshipa inapoingia, na kati ya wagonjwa 100 kadhaa hufa kwa dawa yenyewe. Ulimwengu uliridhika nayo. Marekani ilitunga Sheria ya Dawa Yatima mwaka 1983, kuwavuta watengenezaji wa dawa za magonjwa adimu, na adimu kwao ni wagonjwa chini ya 200,000 nchini mwao. Kwa mlango huo, mwaka 1990, dawa ya eflonithini iliidhinishwa kwa malale. Ugonjwa wa maelfu Afrika ulikuwa yatima Washington! Miaka mitano haikupita vizuri, utengenezaji ukasimamishwa kwa kukosa faida. Dawa hiyo ilirudi mwaka 2000 kama krimu ya kuondoa ndevu za wanawake, na kelele zilizofuata ndizo zilizoifanya kampuni ikubali mwaka 2001 kuwapa WHO bure kwa ajili ya wagonjwa. Na hata hivyo haiwezi vizuri malale ya mashariki. Kaliua ilibaki na aseniki.

Kaliua, kwa asiyeijua, ni pale reli ya Kigoma inapoachana na ile ya Mpanda. Kati ya 2006 na 2009, kituo cha afya cha Kaliua, wakati huo Wilaya ya Urambo, na hospitali ya Lwala nchini Uganda vilifanya jaribio. Halikuwa na dawa mpya. Utaratibu wa zamani ulimpa mgonjwa suramini kwanza, kisha melarsoproli kwa mafungu, na siku za mapumziko katikati. Watafiti waliuliza: je, tukitoa sindano siku 10 mfululizo, bila suramini? Wagonjwa 60 kwanza, kisha 78. Vifo vilikuwa asilimia 8.4, dhidi ya 9.3 ya kumbukumbu za nyuma, tofauti ambayo haithibitishi kitu. Lakini muda wa kulazwa ulishuka kutoka siku 29 hadi 13.

Msomaji wa mbali ataona siku 16 ni kidogo. Aliyewahi kuuguza kijijini anajua mgonjwa halazwi peke yake. Analazwa na mama au mke anayepika nje kwa mafiga, na nyumbani kuna mahindi au tumbaku inayongoja, na watoto wameachwa kwa bibi. Jaribio lile halikuvumbua chochote, likawarudishia watu zaidi ya wiki mbili za msimu. Kwangu ni miongoni mwa majaribio ya heshima zaidi yaliyowahi kufanyika kwenye njia hii, na ni la kwanza ninalolijua lililouliza swali ambalo mgonjwa mwenyewe angeliuliza.

Baada ya hapo ugonjwa ulipungua. Kwa miaka ya karibuni malale ya mashariki haifikishi wagonjwa 200 kwa mwaka Afrika nzima. Hilo ni jema, lakini kwa mtengenezaji dawa maana yake hakuna soko. Kilichofanya kazi ni kifungu kimoja cha sheria ya Ulaya, kifungu cha 58 cha kanuni ya mwaka 2004, kinachoruhusu mamlaka ya dawa ya Ulaya ikague dawa itakayotumika nje ya Ulaya, ikishirikiana na WHO. Kwa njia hiyo fexinidazole, dawa iliyoachwa kabatini miaka ya 1980 na kufufuliwa na shirika la DNDi, ilipata maoni mazuri mwaka 2018 kwa malale ya magharibi. Kwa ya kwetu ilijaribiwa Malawi na Lwala, kwa wagonjwa 45. Kaliua safari hii haikuwamo. Desemba 2023 mamlaka hiyo ikaipitisha kwa malale ya mashariki pia.

Haina aseniki. Ni vidonge, vinamezwa mara moja kwa siku kwa siku 10, na lazima mgonjwa awe ameshakula.