Posho, nyumba na mdomo: Union Minière na sendika ya wafanyakazi



Katika mkutano wetu uliopita, tulipofika kwenye mambo mengine, mama mmoja alisimama akatueleza habari ya mtoto wake. Kijana alikuwa anafanya kazi upande wa Kolwezi, kwa kampuni ndogo inayopewa kazi na kampuni kubwa ya mgodi. Yeye na wenzake waliandika barua kuomba kontra ya maandishi, na wachague delege wa kuwasemea. Wiki iliyofuata majina yao hayakuwa tena kwenye orodha ya getini. Basi. Sasa yuko nyumbani.

Wazee wetu wawili walisema kosa ni la watoto wenyewe. "Sisi tulikulia kambi ya Union Minière. Posho ilikuwa, nyumba ilikuwa, lopitalo bila kulipa. Nani alikuwa anauliza sendika?" Maneno yale yalipigiwa makofi, na hatukufurahi. Ndiyo maana tunaandika haya. Wazee hawakusema uongo, lakini walisema nusu.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza ilitoka kwenye tanuru ya Lubumbashi mwaka 1911. Miaka ya mwanzo haikuwa na posho nzuri wala lopitalo ya kusifu. Watu waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, kutoka Angola, baadaye Kasai, Lomami, Rwanda na Burundi. Wengi walikufa kwa magonjwa, wengi walikimbia. Kampuni ikapiga hesabu: kila miezi kutafuta watu wapya, kuwasafirisha, kuwafundisha, na kuwazika, ni gharama. Kufika mwaka 1928 ilikuwa imebadilisha njia. Mfanyakazi apewe kontra ya miaka 3, aje na bibi yake, azae kambini, na mtoto asome kwa mapadri Wabenedikto ili kesho achukue nafasi ya baba. Wazungu waliita hiyo kumtuliza mfanyakazi, na kweli, watu walitulia. Vifo vilipungua, watoto wakaongezeka.

Hayo ndiyo wazee wetu wanayakumbuka, na hatuwezi kuyakataa. Lakini tuangalie jinsi ilivyokuwa inafanya kazi. Nyumba ilikuwa ya kampuni: kazi ikiisha, nyumba inaisha. Posho ilikuwa ya kampuni: ukikosa kazi, posho inakatwa, na bibi na watoto wanalala na njaa pamoja nawe. Shef wa kambi, mzungu, alijua nani amelala kwa nani, nani amepokea mgeni. Shule na kanisa vilikuwa ndani ya kambi ileile. Mtu aliyetaka kulalamika alikuwa anaweka juu ya meza kila kitu alichonacho. Na shida ya bei ya shaba ilipokuja mwaka 1930, maelfu ya wale waliotulizwa walirudishwa vijijini. Hakuna aliyeulizwa.

Sisi tuliokaa miaka kambini Zambia tunajua habari ya posho. Anayekupimia unga si lazima awe mtu mbaya. Lakini siku akipunguza kipimo, utamwambia nini, na utasimama pamoja na nani?

Siku hiyo kwa Katanga ilifika mwaka 1941. Ubelgiji ulikuwa mikononi mwa Wajerumani, na Kongo ilikuwa inafanya kazi kwa ajili ya vita ya Waingereza na wenzao. Shaba ilitakiwa zaidi, saa za kazi zikawa nzito, bei ya vitu sokoni ikapanda, mshahara ukabaki nyuma. Wafanyakazi wazungu wa Union Minière ndio walijipanga kwanza, wakaunda chama chao, na kampuni ikakaa nao mezani. Weusi waliona. Mwanzoni mwa Desemba kazi ilisimama Likasi, mji ulioitwa wakati ule Jadotville, na pia Kipushi na Lubumbashi. Waliomba kitu kimoja ambacho kila mtu angeelewa: kuongezewa mshahara.

Tarehe 9 Desemba 1941 wagomaji wa Lubumbashi walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa kambi. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alifika mwenyewe na askari. Aliyesema kwa niaba ya wafanyakazi alikuwa Léonard Mpoyi, karani, mtu aliyesoma. Watu walikataa kutawanyika. Askari walipiga risasi. Mpoyi alikufa pale, na makumi ya wengine pamoja naye. Hesabu ya serikali na hesabu ya watu wa kambi hazijawahi kukutana.

Mpoyi hakuwa mtu wa nje aliyekuja kuchochea. Alikuwa mtoto wa ile njia ya kampuni yenyewe: amesoma, ana kazi ya kalamu, amekaa vizuri kuliko wengi. Hakukosa posho. Alikosa mahali pa kusemea.

Na hapa sisi tuliorudi kutoka Zambia tuna jambo la kulinganisha. Ng'ambo ya mpaka, kwenye migodi ya Copperbelt, wafanyakazi weusi waligoma mwaka 1935 na tena 1940, na huko pia waliuawa kwa risasi. Lakini kufika mwaka 1949 walikuwa na sendika yao kubwa ya migodi, Lawrence Katilungu akiiongoza, na kampuni zilikuwa zinaongea nayo. Hatusemi Mwingereza alikuwa mwema. Tunasema kwamba kwa shaba ileile, watu walewale, njia zilikuwa mbili.

Upande wetu, mwaka 1946 serikali iliruhusu sendika za weusi, peke yao, chini ya jicho lake. Mwaka huohuo yakaja mabaraza ya wenyeji ndani ya kampuni. Union Minière iliyapenda zaidi mabaraza. Mle watu waliongea juu ya unga, maji, paa linalovuja. Mkubwa anasikiliza, anaandika, kisha anaamua yeye. Baraza lilikuwa la kushauri tu. Haki ya kujiunga bila kutenganishwa kwa rangi ilikuja na dekreti ya mwaka 1957, na huo ndio mwaka kampuni ilianza gazeti lake, Mwana Shaba. Miaka 3 baadaye, uhuru.

Halafu? Mwaka 1967 kampuni ikawa ya taifa, ile tuliyoijua baadaye kwa jina la Gécamines, na mwaka huohuo sendika zote zikaunganishwa kuwa moja, ile iliyoitwa baadaye UNTZa, chini ya chama cha Mobutu. Sendika moja, chama kimoja, patro mmoja. Posho ikaendelea, lopitalo pia. Kisha miaka ya 1990 kila kitu kilianguka: kutoka tani zaidi ya 400.000 za shaba kwa mwaka hadi karibu 30.000 mwaka 1994. Mishahara ikakaa miezi mingi bila kulipwa. Mwaka 2003 watu zaidi ya 10.000 walitolewa kwa mpango ulioitwa "kuondoka kwa hiari", kwa pesa ya Banki ya Dunia. Hiari ya mtu ambaye hajalipwa, tunaijua. Wengi walijikusanya wenyewe baadaye kudai, wakiwa hawana tena nyumba, lopitalo, wala shule ya watoto.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Kodi ya kazi ya mwaka 2002 inakataza kumfukuza mtu juu ya sendika, na inasema delege wanachaguliwa na wafanyakazi. Kazi isiyo na maandishi, sheria inaihesabu kuwa kontra isiyo na tarehe ya mwisho. Tajiri hawezi kusema "hatukuandikiana, kwaheri". Katiba ya 2006 inalinda uhuru wa sendika katika kifungu cha 38, na haki ya kugoma katika 39. Ile barua waliyoandika haikuwa utundu.

Komiti imeamua hivi. Watu wawili watamsindikiza kijana na wenzake kwa inspekta wa kazi, na sanduku letu la msaada litalipa safari. Wafadhili waliouliza kama pesa yao inaweza kutumika kwa jambo la namna hii, tunawajibu ndiyo, na hesabu tutaitoa katika toleo lijalo. Wazazi wenye watoto kwenye kampuni ndogondogo, waulizeni kama wana karatasi yoyote mkononi, hata kadi ya getini, na mtuletee kopi.

Na wazee wetu wawili tunawaomba jambo moja. Mlituambia vitabu vya kazi vya baba zenu bado viko ndani ya masanduku. Vileteni mkutano ujao, tusome pamoja tarehe walizoingia, na tarehe walizotolewa.